Kulala kwa Niaba ya Taifa

Nchi yetu msiitafute kwenye ramani. Waliokuja kuichora walikuta viongozi wote wako safarini, hakuna mtu wa kuwaonyesha mipaka, wakafunga vitabu vyao wakaondoka. Lakini ipo, mimi naishi humo, na kazi yangu ni kuimba katika kikundi cha ngoma cha uwanja wa ndege. Kiongozi akiondoka tunaimba, akirudi tunaimba. Wakulima wana msimu wa njaa, walimu wana likizo, sisi kazi yetu haijawahi kusimama hata siku moja, Mungu awabariki viongozi wetu kwa hilo.

Wageni hutuuliza nchi yenu inazalisha nini. Zamani tulizalisha pamba. Siku hizi tunazalisha maili. Nitaeleza taratibu, maana hata mimi nilichelewa kuelewa. Lile shirika la ndege la kigeni linalotua kwetu lina utaratibu wake: kila ukipanda ndege yao unaandikiwa maili ulizosafiri. Zikijaa, unazibadilisha unapewa tiketi ya bure, tena si ya kule nyuma ambako magoti yanagusa kidevu. Ya mbele kabisa. Huko kiti ukikibonyeza kinajinyoosha kinakuwa kitanda, unaletewa shuka, soksi, na karanga zilizopashwa moto kwenye kibakuli. Tiketi za kukusanyia maili zinalipwa na Serikali. Maili zenyewe zinaandikwa kwa jina la aliyekalia kiti. Hapo ndipo uzalendo wetu wa sasa ulipozaliwa.

Maana kiongozi mwenye akili zake atakwendaje moja kwa moja? Mheshimiwa Dakta Polikarpo Mgweno, Waziri wetu wa Afya, aliwahi kualikwa kikao nchi jirani, ile ambayo ukisimama mpakani unasikia majogoo yao. Akapitia Ulaya. Kutoka Ulaya akaenda Asia, akalala, akarudi tena Ulaya kwa sababu siku ya Jumanne wanaounganisha ndege pale huandikiwa maili mara mbili, ndipo akafika kwa jirani. Kikao kilikuwa kimeshakwisha, na wenyeji walikuwa wanafua vitambaa vya meza. Aliporudi alisimama kwenye zulia jekundu akatuhutubia: "Ndugu wananchi, nimetoka mbali!" Tukapiga vigelegele, maana kwa kweli alikuwa ametoka mbali.

Basi kwetu mtu hapimwi tena kwa elimu wala kwa ng'ombe. Wazee wa posa wakikaa mkekani huuliza kwanza kijana ana kadi gani ya maili. Bungeni nako wanakaa kwa kadi: wenye platinamu mbele, wenye dhahabu nyuma yao, wenye fedha karibu na mlango wa choo. Mwenye kadi ya bluu anachangia hoja akiwa amesimama nje dirishani, na mvua ikinyesha anachangia kwa kifupi.

*

Feruzi, mume wa shoga yangu Tunu, alikuwa fundi wa mabango pale uwanjani. Kazi yake ilikuwa kutundika bango la KARIBU NYUMBANI MHESHIMIWA, kisha kulishusha na kutundika la SAFARI NJEMA MHESHIMIWA. Zamani katikati ya hayo mawili alipata nafasi ya kunywa chai. Mwaka huu viongozi wakaanza kupishana mlangoni mwa ndege, huyu anashuka, yule anapanda, ikabidi Feruzi ashinde juu ya ngazi na mabango yote mawili mikononi, ayageuze kadiri ya hali. Siku moja Mheshimiwa Mgweno alishuka, akakanyaga zulia, akakumbuka kwamba akirudi na ndege ile ile atapata maili za nyongeza, akageuka papo hapo akapanda tena. Feruzi naye akageuka kwa haraka ili abadilishe bango. Ngazi haikugeuka.

Tulisikia mgongo wake ulipogonga sakafu. Tulikuwa katikati ya wimbo, ngoma zinalia, na bado tuliusikia. Sitaki kusema zaidi.

Kwenye hospitali kuu yupo Dakta Sabina, dada mwembamba ambaye sijawahi kumwona amekaa chini. Alimwita Tunu pembeni, na mimi nikiwa nimemshika mkono.

"Mama, mfupa wa uti wa mgongo umevunjika, lakini mishipa bado ni mizima. Hapa hatuna vifaa vya kumpasua. Kuna hospitali ya misheni ng'ambo, nilisoma huko, nimewaomba na wamekubali kumtibu bure. Lakini awe amefika kabla mwezi huu haujaisha. Akiwahi atatembea. Akichelewa, hatatembea tena maisha yake yote."

"Basi aende, Dakta. Aende hata leo."

"Aende, ila aende amelala. Akikalishwa kitini safari yote ile, mishipa itakatikia huko huko angani. Anahitaji kitanda ndani ya ndege."

Tunu akanitazama, nikamtazama. Kila mtu kwetu anajua habari ya vile vitanda. Vya kununua, hata ukiuza mtaa wetu mzima pamoja na sisi wenyewe hupati hata shuka yake. Vya maili ni viwili tu kila safari, shirika halitoi zaidi, na hivyo viwili ndivyo Baraza la Mawaziri lilivyokuwa linavigombania kila wiki mpaka watu wanang'oana vifungo.

*

Shoga yangu akavaa gauni lake la kanisani, akaenda Wizara ya Afya. Akapokelewa na Bwana Nestori, katibu wa Waziri, kijana nadhifu anayejua kanuni zote za maili kwa moyo, hata zile ambazo shirika lenyewe limeshazisahau.

"Mumeo ana maili ngapi, mama?"

"Hana, Bwana Katibu. Hajawahi kupanda ndege."

"Hata kidogo?"

"Alianguka kutoka juu ya ngazi."

"Umbali huo ni mdogo, halafu ulikuwa wa kwenda chini. Sisi tunahesabu safari zinazoanzia uwanja wa ndege."

"Ilianzia uwanja wa ndege."

Nestori akainuka. Nisimsingizie, ni mtu wa haki. Alifungua kabati, akatoa kanuni, akasoma kwa kidole mstari kwa mstari, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Inatakiwa iishie uwanja mwingine, mama."

Wakati huo Mheshimiwa mwenyewe akatoka chumba cha ndani. Alikuwa amevaa suti ya bei mbaya, na miguuni zile ndara za kitambaa wanazogawa kwenye ndege. Alikuwa amesikia kila kitu. Akamshika Tunu bega.

"Mama, nimelia. Nimelia kwa ndani, ambako ndiko kunauma. Lakini naomba unielewe. Maili ni jasho la mtu. Unajua ugumu wa kuamshwa usingizini, angani, gizani, mtu anakuuliza samaki au kuku? Na hujui uko juu ya nchi gani? Nimeteseka kwa ajili yenu! Tena hizi zangu zinaoza. Mwezi ukiisha sijazitumia, zinafutwa zote. Ungekuwa wewe una mahindi ghalani na dumuzi ameingia, ungefanyaje?"

"Ningempa jirani mwenye njaa, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akakohoa. Nestori akakohoa naye.

"Hata hivyo Serikali haijalala," Mheshimiwa akaendelea. "Nimeitisha Kongamano la Kimataifa la Migongo, ng'ambo, mji huo huo wenye hospitali yenu. Ninaondoka keshokutwa mimi na katibu wangu. Vitanda vyote viwili tumevipata, haikuwa kazi ndogo. Sasa nisikilize, mama. Kile kitanda nitakilalia kwa niaba ya mumeo. Nitalala kwa niaba ya kila mnyonge asiyeweza kulala. Nitalala kwa niaba ya taifa! Na nikifika nitawaeleza wale madaktari, kwa hisia, jinsi anavyoumwa."

"Halafu wampasue nani?"

"Hilo," akasema Mheshimiwa, "ni suala la kitaalamu."

*

Tunu alirudi akakaa kwenye kizingiti changu. Hakulia. Alikuwa na hasira zile ambazo mtu akizianza kwa kilio zinapungua bure.

"Shoga, huyu Polikarpo ni mtu wa wapi?"

"Si wa Mlimani huyo?"

"Na mimi?"

"Wewe si wa Bondeni, mwenzangu?"

"Basi ni mtani wangu."

Niwaeleze wageni. Watu wa Bondeni na watu wa Mlimani walipigana enzi za mababu, wakachoka, wakapatana, wakawa watani. Mtani wako anaruhusiwa kukuvua kofia mbele za watu, kula nyama iliyo kwenye sahani yako, hata msibani kwenu anaweza kujilaza kwenye kitanda cha marehemu akadai akombolewe. Na wewe unatakiwa ucheke. Ukinuna umejiaibisha, unatozwa faini, na ndugu zako mwenyewe watakuwa wa kwanza kukuzomea. Hakuna mtu wa siasa anayeweza kununa kwa mtani akapata kura tena. Mheshimiwa Mgweno anaujua vizuri utani. Wakati wa uchaguzi alikuja kwetu Bondeni, akala kuku wetu, akapakia mbuzi wetu kwenye gari lake huku akipiga kelele "Utani huo, watani!" Tukacheka, tukampa kura, na mbuzi hatukuwaona tena. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tuone sasa, nikasema moyoni.

"Keshokutwa nyinyi si mtaimba?" Tunu akauliza.

"Tutaimba."

"Mtaimba na mimi. Na Feruzi."

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Wa kwetu chini hawakai, ndiyo shida, kwa hiyo ilibidi tumkamate pale pale anapopandia.

*

Siku ya safari Dakta Sabina alimfunga Feruzi kwenye ubao, kiuno na mabega, akatuonyesha namna ya kumbeba bila kumtikisa. "Mkimwinamisha nitawalaani," alituambia. Tukamfunika kitenge. Askari wa getini akauliza hiyo ni nini. Tukamwambia ni maiti ya utani, tunamlilia mtani wetu. Naye ni mtu wa Bondeni. Akavua kofia, akatupisha.

Kamera za runinga zilikuwa zimeshawaka, nchi nzima inatazama. Bwana Nestori alikuwa ameshatangulia ndani ya ndege ili asipitwe na juisi ya makaribisho. Mheshimiwa yuko kwenye zulia, anahutubia. "Naondoka nikiwa na uchungu wa migongo ya wananchi wangu..." Hapo Tunu akapasua kilio ambacho sijawahi kukisikia hata kwenye msiba wa kweli.

"Polikarpo amekufaaa! Mlimani wamebaki na nani? Amekufa bahili wetu, mla mbuzi wetu!"

Sisi tukaitikia, ngoma zikabadili mwendo, watu wakaangua kicheko. Mheshimiwa akacheka pia. Meno yalicheka, macho yalikuwa yanatafuta walinzi. Lakini walinzi nao walikuwa wanacheka, nani atamkamata mtani? Tunu akamvua kofia, akaivaa. Akamvua miwani. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa koti lake, akachomoa kadi ya platinamu, akaiinua juu.

"Urithi wangu!"

"Ha ha ha! Watani hawa!" akasema Mheshimiwa. "Basi, inatosha, rudisheni."

"Haturudishi mpaka uikubali maiti yako. Huyu tuliyembeba ni nani?"

"Ha ha. Mama, ndege inaondoka."

"Sema! Huyu ni nani?"

Kamera ikamsogelea usoni. Jasho lilikuwa linamtiririka, hilo jasho la kweli sasa.

"Huyu... ha ha... huyu ni mimi."

"Mlimani hawajasikia!"

"Huyu ni mimi! Ni mimi Polikarpo Mgweno!"

Vigelegele mpaka runinga ikakata matangazo ikaweka wimbo wa taifa. Na sisi tulikuwa tumeshapanda ngazi za ndege, ubao haujainama hata kidogo. Mlangoni palikuwa na mhudumu, binti wa kigeni mwenye tabasamu la kazi. Ndani ya ndege ile hawatazami sura, wanatazama kadi. Alipoona platinamu aliinama mpaka nywele zikamfunika. "Karibu tena, Mheshimiwa Mgweno." Feruzi akalazwa kwenye kitanda, akafunikwa shuka, akaletewa karanga za moto. Kwenye kitanda cha pili Bwana Nestori alikuwa na juisi mdomoni na hakuweza kumeza wala kutema.

Tuliposhuka, Mheshimiwa alikuwa ameacha kucheka. "Mtoeni mtu huyo! Mtoeni sasa hivi!" Lakini rubani ni mzungu mmoja anayechukia kuchelewa kuliko anavyochukia dhambi. Akafunga mlango. Ndege ikaondoka, na Mheshimiwa akabaki chini akiwa na sanduku lake, kichwa wazi, bila miwani. Aliyotutukana siyaandiki, lakini kwa sheria za utani anadaiwa faini hadi leo.

*

Sasa tazameni mtihani uliompata mzee wa watu. Taarifa za habari kwetu huandikwa mapema, ili zisichelewe. Jioni ile ile redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Mgweno amefika salama, amelihutubia Kongamano la Migongo, na ameshangiliwa. Fomu za safari alikuwa ameshasaini, posho alikuwa ameshakula. Na Rais wetu hana mchezo na jambo hilo: waziri aliye safarini akikutwa ndani ya nchi, huyo ni mwizi. Ikabidi ajifiche nyumbani kwake mwenyewe, mapazia yamefungwa.

Mke wake alimwuliza amesahau nini. Watoto walimwamkia "Shikamoo mgeni," wakarudi kucheza. Hakujua swichi ya taa iko wapi wala mbwa wake anaitwa nani, na mbwa alikuwa na swali hilo hilo. Siku ya pili akaona kiu, akafungua bomba akanywa maji. Mama yangu! Sisi wote tunajua maji ya bomba hayachemshwi tu, huchujwa kwanza kwa kitambaa, kisha unasali. Yeye angejuaje? Mradi ule wa maji safi aliuzindua mwenyewe, kwa simu, akiwa ng'ambo. Aliuamini.

Kipindupindu kikamshika kabla ya asubuhi. Mke akamfunga kanga kichwani asitambulike, akampeleka hospitali kuu kwa bajaji.

"Jina?" akauliza karani wa mapokezi.

"Polikarpo Mgweno."

"Mgweno yupi?"

"Waziri wa Afya."

Karani akaongeza sauti ya redio yake. Waziri wa Afya alikuwa anatembelea bustani ya maua ng'ambo. "Wagonjwa wa akili, jengo la nyuma," akasema. "Lakini kwa kuwa unahara, anzia hapa sakafuni."

Tunu alikuwa amekwenda kurudisha shuka ya hospitali. Akamkuta amelala chini, katikati ya wagonjwa wawili, bila mkeka. Ndiye aliyemwita Dakta Sabina. Dakta akapiga magoti, akamshika mkono, akamtambua.

"Dripu, Dakta," Mheshimiwa akasema. Midomo ilikuwa imeshakauka.

"Hazipo. Nimekuandikia mwaka mzima, Mheshimiwa. Kila mara nilijibiwa kwamba uko safarini."

"Sasa nipo."

"Ndiyo," akasema Dakta Sabina. "Sasa upo."

Tunu akachanganya maji ya chumvi na sukari, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Alimnywesha toka asubuhi hadi mchana, ananyweshwa na yanatoka. Wakati mmoja akafumbua macho akamjua.

"Mtani, umeniua."

"Sikukuua, mtani. Nimekubakiza nyumbani tu."

Alifariki alasiri. Tunu alimlilia sana, safari hii bila kamera. Mimi sikulia, nasema ukweli wangu, ila niliona aibu kwa kutolia.

*

Hospitali ikapeleka taarifa Serikalini. Serikali ikajibu kwa hasira: haiwezekani. Waziri yuko ng'ambo, na tena siku hiyo hiyo Bwana Nestori, ambaye bila Waziri naye hana kitanda, alikuwa ametuma salamu kwamba Mheshimiwa Polikarpo Mgweno amepasuliwa mgongo kwa mafanikio makubwa na ameanza kusimama. Mtu hawezi kusimama na kufa. Basi aliyekufa ni nani? Wakatazama ni mgonjwa gani hayupo kitandani kwake. Hayupo Feruzi, fundi wa mabango.

Afisa akaja na jeneza mtaani kwetu, na mfuko wa sukari. "Pole mama kwa kufiwa na mume."

"Mume wangu yuko ng'ambo, baba. Yu hai."

"Aliye ng'ambo ni Waziri."

"Waziri ndiye huyu mliyemleta."

Afisa akamtazama kwa huruma. "Mama, hebu fikiri kwa akili yako. Waziri wa nchi hii anaweza kufia sakafuni, kwenye hospitali ya umma?"

Na hapo, jamani, hata mimi nikaitikia kwamba haiwezekani. Mke wa Waziri hakudai maiti, maana mume aliye safarini ana posho. Tukamzika kwetu Bondeni, tukamwekea jiwe lenye jina la Feruzi. Nilidhani Tunu atachanganyikiwa. Wala. Jioni aliniambia, macho yanang'aa, "Waniite mjane, wamwite waziri, wamwite malaika wakitaka. Anatembea, shoga! Akishuka kwenye ile ndege nitamvua hiyo suti yao, tutakwenda zetu nyumbani."

*

Siku ya kurudi tulikuwepo na ngoma zetu. Mlango ukafunguliwa. Feruzi akatokea juu ya ngazi kwa suti ya kijivu, amenenepa mashavuni, anashuka kwa miguu yake. Bwana Nestori nyuma yake amebeba mkoba. Nilishindwa kuimba. Tunu hakungoja mtu. Akawapita walinzi, akapita zulia, akasimama mbele yake.

Feruzi machozi yakamtoka. "Tunu. Natembea. Tazama." Akatembea kwenda, akatembea kurudi, mbele yake, mtu mzima anaonyesha hatua zake. Tunu alikuwa anacheka na kulia, anampapasa mgongo juu ya koti kutoka shingoni hadi kiunoni.

"Twende nyumbani sasa," akamwambia.

Feruzi akamtazama Nestori. Nestori akainama kidogo. "Mheshimiwa, ndege inageuka muda si mrefu. Madaktari wa kule wanastahili shukrani za taifa. Kuna Kongamano la Shukrani."

"Ni siku chache tu, mke wangu," Feruzi akasema. Alikuwa anaongea kwa upole, na kidole chake kilikuwa kinagusagusa mfuko wa koti, pale kadi ilipo. "Kwenda kushukuru na kurudi. Nikikataa watauliza mimi ni nani, na jela ni kwa nani? Tena wewe hujui, Tunu. Hujui wanavyokufunika ile shuka."

"Si kuna vitanda viwili? Twende wote."

"Cha pili ni cha Katibu."

Tunu akaondoa mkono wake kwenye lile koti. Mimi simlaumu Feruzi, alikuwa katika hali ngumu. Hapana, namlaumu. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwinamia, na ilitosha kuinamiwa kwa majuma matatu.

Kiongozi wa kikundi akatupigia mbinja tuanze wimbo wa kuaga, maana bango lilikuwa limeshageuzwa. Tukaimba, ndiyo kazi yetu. Feruzi akambusu Tunu kwenye paji la uso, akarudi kwenye ndege. Alipanda ngazi zote mwenyewe, hakushika hata reli, na Tunu alibaki pale chini akiutazama mgongo wake. Ulikuwa umenyooka. Hakuna mtu angeweza kusema uliwahi kuvunjika.